Kidole Kwenye Mizani

Miaka kumi na tisa napima samaki wa moshi
katika soko kuu la Riga, meza ya pembeni,
na mizani naijua kama mkono wangu wa kushoto:
najua uzito wa karatasi, uzito wa barafu inayoyeyuka,
najua uzito wa kidole
kinapojisahau kwenye sahani.

Basi usinione nimenyamaza, daktari,
ukadhani sikuelewa.

Umeniwekea orodha mezani, laini, rangi ya maziwa.
Juu ni tiba yenyewe: sindano, mayai, maabara, kurudisha.
Hiyo nimekwisha kuikopea, mara mbili.
Chini, kwa herufi ndogo, vya hiari:

gundi ya kukishika kiinitete kisiteleze, euro mia mbili na thelathini;
kuukwaruza ukuta wa mji wa mimba,
kama shamba linalopigwa jembe kabla ya mbegu, mia na tisini;
matone meupe ya mafuta mshipani, mia tatu;
kamera ya kukesha mle ndani ya joto,
picha kila dakika kumi, mia nne;
na kipimo cha kromosomu, ambacho bei yake uliitamka
kwa sauti ya mtu apitaye karibu na kitanda cha mgonjwa.

Hiari! Neno hili lina meno.
Nani amesimama mbele ya mlango uliofungwa,
akaonyeshwa ufunguo wa tano,
akasema, hizi nne zatosha?

Guntis anasema tuchukue zote.
Ni fundi wa tramu, mume wangu, hana imani na nati iliyolegea.
"Sarmīte, tukikosa, tusije tukasema laiti."
Laiti. Hapo ndipo tunaposhikwa.
Gundi si gundi: ni dawa ya majuto
ambayo hatujayaugua bado.

Nikauliza kama wateja wangu waulizavyo,
wale vikongwe wanaobonyeza samaki kwanza:
kati ya wanawake mia waliopakwa,
wangapi walitoka na mtoto?
Na mia wasiopakwa, je?

Ukavua miwani. Ukaifuta.
Nashukuru kwa hilo; mwenzako wa kliniki ile ya kwanza
hakuvua kitu, alitabasamu tu.
Ukasema: kukwaruza, sioni faida.
Mafuta, hatujui, na asiyejua asiuze.
Gundi, labda, kidogo.
Kamera hutusaidia sisi kutazama; yeye haimwongezei nguvu.
Kipimo, kwa miaka yako, tunaweza kuzungumza,
ila huweza kukitupa hata kilicho kizima.

Nikaichukua labda yako hadi nyumbani,
ndani ya glavu, theluji ikianguka upande upande.
Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga.
Mshale ukatikisika,
ukarudi ulikokuwa.

Tukakata kwa penseli. Kukwaruza: kata.
Mafuta: kata. Kipimo, tukakinywea chai mbili, kata.
Gundi, Guntis alivuta pumzi, kata.
Kwenye kamera mkono wake ukaganda.

"Hii naiomba," akasema. "Najua haisaidii.
Wale wawili wa mwaka jana
hatukuwaona hata siku moja.
Nataka kuona mtu akigawanyika,
mara mbili, mara nne, hata kama hafiki."

Euro mia nne.
Ni Jumamosi ngapi za kusimama na soksi tatu,
mikono ikinuka moshi hadi kwenye mto?
Nilihesabu. Mimi huhesabu.

Kisha nikaweka kidole changu mwenyewe
kwenye sahani ya mizani,
nikakiona,
nikakiacha pale pale.